Kingereza cha kuongea na watu: tuanze na salamu, karibu, pole na samahani

Umekutana na mtu hamjaonana miaka, na kwa furaha yako yote unamwambia "You are lost!" Kama na yeye anaongea kiswahili atakuelewa hapo hapo na mtacheka, lakini kama amekulia kwenye kingereza ataanza kuangalia kushoto na kulia akijiuliza njia kaipotea wapi. We ulimaanisha "umepotea sana", ile yetu ya siku nyingi sijakuona, na wenyewe hapo wanasema "Long time no see!" au "I haven't seen you for ages!" Maneno uliyotumia yapo kwenye kamusi na grama iko sawa kabisa, ila kitu chenyewe hakisemwi hivyo.

Na hapo ndo wengi wanapokwama. Mtu amesoma kingereza darasani miaka kibao, past tense anaijua, barua ya kuomba kazi anaandika, alafu anakutana na mtu ana kwa ana anaulizwa "How's it going?" ulimi unaganda. Nimeliona hili kwangu mwenyewe na kwa watu niliokaa nao kuwafundisha, na karibu kila mara sababu ni ile ile, kichwani anatunga sentensi ya kiswahili kwanza alafu anaitafsiri neno moja moja, sasa mpaka amalize mwenzake ameshahamia kwenye maneno mengine.

Kwa hiyo nikuombe kitu kimoja kabla hatujaendelea: maneno ya kusalimia, kushukuru, kuomba na kuaga usiyatafsiri, yashike mazima mazima pamoja na jibu lake. Mtoto mdogo hajui "shikamoo" imetoka wapi lakini anajua jibu lake ni "marahaba", na hakosei. Ndo tunavyotaka kufanya na kingereza, kila neno tunalijua na marahaba yake.

Salamu

Kiswahili chetu salamu ni ndefu, habari za asubuhi, za nyumbani, za kazi, watoto hawajambo, na ukikatisha njiani unaonekana una haraka au una hasira. Kingereza salamu ni fupi sana na wala sio dharau, ndivyo ilivyo:

– Hi, how are you?
– I'm fine, thanks. And you?
– I'm good, thank you.

Imeisha. Kitu ambacho wanaoanza wanasahau ni ile "And you?" Ukijibu "I'm fine" ukanyamaza inakua kama umemfungia mtu mlango, yeye kakujali we hujamjali, kwa hiyo iyo "And you?" iwe inatoka yenyewe bila kufikiria. Na "How are you?" mara nyingi sio swali la kweli la kutaka kujua hali yako yote, usianze kumwelezea mgongo unavyouma labda awe ni rafiki wa karibu au daktari. Mbali na "fine" unaweza kusema "Not bad", "Pretty good" au "I'm doing well", zote ziko poa.

Alafu kuna ndugu zake. "How's it going?" jibu lake "Good, thanks" au "It's going well". "What's up?" hii ni ya marafiki, na jibu lake ni "Not much", ukijibu "fine" haliendani kwa sababu umeulizwa kuna nini, hujaulizwa uko vipi. Waingereza wana yao "You all right?" ambayo watu wengi inawashtua, wanadhani wameonekana wagonjwa, kumbe ni salamu tu na jibu lake ni "Yeah, thanks, you?"

Sasa hapa tulia kidogo maana kuna mafungu matatu yanafanana na yanachanganya sana. "How do you do?" ni salamu rasmi ya zamani kidogo, saivi husikii mara nyingi, na jibu lake ni hilo hilo "How do you do?" "What do you do?" maana yake unafanya kazi gani, kwa hiyo unajibu "I'm a teacher" au "I'm a student". Na "What are you doing?" ni unafanya nini saa hizi. Mtu akikuuliza "What do you do?" ukamjibu "I'm talking to you" atacheka akidhani umetania.

Za muda wa siku nadhani unazijua, "Good morning" mpaka saa sita mchana, "Good afternoon" baada ya hapo mpaka jioni, alafu "Good evening". Ila "Good night" sio salamu! Ni ya kuagana au ya kwenda kulala tu. Ukiingia mahali saa tatu usiku unasema "Good evening" hata kama giza limeshika vipi, ukisema "Good night" unapoingia watu watashangaa unaondoka kabla hujafika.

Na shikamoo? Haipo, usiitafute. Wala "wewe" na "ninyi" hawajavitenganisha, zote ni "you", iwe unaongea na mtoto, bosi au babu yake bosi. Heshima kwenye kingereza inakaa sehemu nyingine, inakaa kwenye namna unavyoomba, tutafika hapo. Ila kwa mtu usiyemjua au mkubwa kazini unaweza kuongeza "sir" au "madam" mwishoni, na ukitumia "Mr" au "Mrs" au "Ms" liambatane na jina la ukoo sio la kwanza. Huyo Tom Wilson ni "Mr Wilson" au "Tom" basi, akikwambia "Please call me Tom" muite Tom, usimng'ang'anizie "Mr Tom".

Kujitambulisha

Sema "I'm Asha" au "My name is Asha". Ile "I am called Asha" inaeleweka lakini ni "naitwa" yetu imevalishwa kingereza, wenyewe hawaisemi sana. Mtu akishakutajia jina lake unasema "Nice to meet you" na yeye anajibu "Nice to meet you too". Hii inatumika siku ya kwanza tu, mkikutana mara ya pili inabadilika inakua "Nice to see you" au "Good to see you again", kwa sababu "meet" hapo ni kufahamiana.

Na sikiliza inavyotamkwa, hawaikati katikati, inaenda kama neno moja, nais-tu-miichu. Hata "What's your name?" inakuja kama wochoneim. Ndo maana wengi wanasema wazungu wanaongea fasta, kumbe wanayaunganisha tu, ukishajua yanavyounganishwa mbio zinapungua masikioni mwako.

Ukimtambulisha mtu mwingine sema "This is my friend Juma", ndiyo, "this" hata kama ni mtu. Na hapa kuna mtego mkubwa kwa sisi waswahili, "he" na "she". Kwetu "yeye" ni yeye tu, anakuja anakwenda, awe mwanamke awe mwanaume kitenzi hakibadiliki, kwa hiyo unaanza vizuri "This is my sister" alafu sekunde mbili mbele unasema "he is a nurse". Wanaofahamu kingereza vizuri kabisa bado inawatoka hii. Dawa yake niliyoona inafanya kazi ni kuchukua picha za familia kwenye simu na kuzielezea kwa sauti moja baada ya nyingine, "this is my mother, she's a farmer, her name is...", "this is my uncle, he lives...", dakika tano kila siku kwa wiki mbili tatu, utaona ulimi unaanza kuchagua wenyewe.

Umri ni "I'm twenty-five", usiseme "I have twenty-five years". Njaa na kiu pia, kwetu mtu ana njaa, kwao mtu ni mwenye njaa, "I'm hungry", "I'm thirsty". Na ukiulizwa "Where are you from?" jibu "I'm from Tanzania" au "I come from Tanzania". Ukisema "I'm coming from Tanzania" umesema uko njiani unatokea huko saa hizi, begi mkononi.

Karibu, pole, samahani

Hapa nitakaa sana kwa sababu ndo penye utamu na ndo panapotuumbua. Kiswahili kina maneno machache yanayofanya kazi nyingi, na kingereza kimeigawa hiyo kazi kwenye mafungu tofauti, kwa hiyo ukitafuta neno moja la "pole" utatafuta mpaka uchoke.

Chukua "karibu". Mtu yuko mlangoni unamwambia "Come in". Unamwonyesha kiti, "Have a seat". Mgeni amefika mahali kwa mara ya kwanza, hapo ndo "Welcome". Umeweka vitu mezani unataka ajihudumie, "Help yourself". Anaondoka unataka arudi siku nyingine, "Come back any time". Na akikushukuru, "You're welcome", nayo isikatwe ikabaki "welcome" peke yake, iseme yote. Kama umeichoka kuna "No problem", "My pleasure", "Don't mention it", na ukiongea na Waustralia utasikia "No worries" kila dakika. Na "hodi" pia haina mwenzake, unagonga mlango alafu unasema "Hello?" au "Can I come in?"

"Pole" ndo ngumu zaidi kwa sababu ni neno zuri sana ambalo kingereza hakina, nasema hivyo kwa moyo kabisa. Sisi mtu akijikwaa mbele yetu tunasema pole ata kama hatujamgusa. Ukimwambia "Sorry!" anaweza kukujibu "It's not your fault" kwa sababu kwake "sorry" ya ghafla namna hiyo ni ya kukiri kosa. Aliyejikwaa au kuanguka muulize "Are you okay?" Mgonjwa mwambie "Get well soon" au "I hope you feel better soon". Mtu amekwambia jambo baya limemkuta, amefeli, ameibiwa, kazi imeisha, mwambie "I'm sorry to hear that", hapo sasa "sorry" inafaa kwa sababu umeongeza "to hear that", unasikitika kusikia. Aliyefiwa ni "I'm so sorry for your loss", na usiongeze mengi baada ya hapo, inatosha na inapokelewa vizuri. Mtu akikwambia wewe mojawapo ya hizi unajibu "Thank you".

Kuna pole nyingine hazina pa kwenda. Pole na safari unaigeuza kuwa swali, "How was your trip?" Pole na kazi ni vile vile, unamuuliza "Busy day?" au "How was work?" Usilazimishe "sorry for work", atajiuliza kazi yake imekukosea nini.

Sasa samahani. Sheria niliyoipenda na ambayo ni rahisi kushika ni hii: kabla ya kumsumbua mtu ni "Excuse me", baada ya kumkosea ni "Sorry". Unataka kupita katikati ya watu, unataka kuuliza njia, unataka kumwita muhudumu, "Excuse me". Umemkanyaga, umechelewa, umemwagia maji simu yake, "I'm sorry", na ukitaka kuikazia, "I'm really sorry". Waingereza wanaitumia "sorry" hata kabla, na Wamarekani wengine wakikugonga bega wanasema "excuse me", kwa hiyo utasikia tofauti, lakini wewe ukishika sheria hii utakua salama kote.

Na jibu la "I'm sorry" ni lipi? "That's all right", "It's okay", "Don't worry about it". Sio "You're welcome"! Hiyo ni ya shukrani, ukiitumia hapo inakua kama unamkaribisha akukanyage tena.

Hongera nitapita haraka. Harusi, mtoto, kazi mpya, kufaulu, ni "Congratulations!" na ile s ya mwisho isidondoke. Kazi imefanyika vizuri ni "Well done!" au "Good job!" Kabla ya mtihani au intavyuu ni "Good luck!"

Ah, na kuna moja hii nisiisahau kwa sababu naisikia kila siku. Umekaa na watu, unatoka kidogo kwenda nje, kiswahili unasema "nakuja". Ukisema "I'm coming" huku unaondoka mtu haelewi, macho yake yanaona unakwenda masikio yanasikia unakuja. Sema "I'll be right back".

Kuomba kitu

Nilisema heshima inakaa hapa. Kiswahili ukisema "nipe maji" kwa sauti ya upole inakubalika kwa watu wa karibu, na "naomba maji" inakubalika kwa kila mtu. Kingereza "Give me water" ni amri ata ukiisema unatabasamu, na "I want water" inasikika kama mtoto analia. Tumia hizi tatu tu mwanzoni, zitakutosha kwa mambo mengi sana:

"Can I have some water, please?"
"Could you help me, please?"
"I'd like two tickets, please."

Ya kwanza unaomba kitu, ya pili unamuomba mtu afanye jambo, ya tatu ni pale unaponunua au kuagiza. Hiyo "I'd" inatamkwa aid, na ndani yake kuna "would" imejificha, ndo inayobeba upole wote. "Please" ikae mwishoni, ni rahisi zaidi. Ukitaka kupanda ngazi moja ya adabu badilisha "can" iwe "could", sentensi nyingine yote inabaki kama ilivyo.

Kuazima kunatuchanganya kwa sababu kwetu niazime kalamu na nimeazima kalamu ni kitenzi kile kile. Kwao anayechukua ana-"borrow", anayetoa ana-"lend". Kwa hiyo ni "Could I borrow your pen?" au "Could you lend me your pen?" na sio "Borrow me your pen". Ukiona tabu shika hiyo ya kwanza tu, ya pili utakutana nayo mbele.

Na "ndiyo" yetu ina mtego. Ukiulizwa kwa kiswahili "hujamaliza?" na kweli hujamaliza, unajibu "ndiyo, sijamaliza", yaani unakubaliana na aliyeuliza. Kingereza hakifuati aliyeuliza, kinafuata ukweli wenyewe. "Haven't you finished?" kama hujamaliza ni "No, I haven't", kama umemaliza ni "Yes, I have". Ukijibu "Yes" peke yake anajua umemaliza, na kesho mnagombana. Nachoshauri kila mara ni kuongeza yale maneno mawili nyuma, "I have", "I haven't", "I do", "I don't", hayo ndo yanayoondoa utata.

Inafanana na "Do you mind if I sit here?" Huyu anauliza itakukera nikikaa hapa? Ukitaka akae jibu ni "No, not at all". Ukisema "Yes" kwa furaha huku unatabasamu umemwambia inakukera. Kama umesahau yote hayo papo hapo, sema tu "Please, go ahead" na umemaliza.

Usiposikia au usipoelewa

Kosa linaloniuma kuliko yote ni kuitikia "yes, yes" wakati hujaelewa. Watu wanafanya hivyo kwa aibu, alafu mazungumzo yanaenda mbali na huwezi kurudi tena. Hata wazaliwa wa kingereza wanaombana warudie kila saa, sio aibu. Sema "Sorry?" na sauti iinuke mwishoni, ikishuka inakua ni kuomba msamaha. Au "Could you say that again, please?" Au "Could you speak more slowly, please?" Kama neno moja tu limekushinda, litaje, "What does 'available' mean?" na kama unalo la kiswahili unatafuta la kingereza, "How do you say 'subira' in English?"

Kinachowakwamisha watu wengi kwenye simu na ofisini ni "How do you spell that?" yaani jina lako linaandikwaje. Hapa jifunze herufi vizuri kabla ya kitu kingine chochote, haswa irabu, kwa sababu majina yao yamehama: A ni ei, E ni ii, I ni ai. Ukitaja jina lako kwa irabu za kiswahili, i yako ataiandika e, e yako anaweza kuiandika a, na jina litatoka la mtu mwingine. G ni jii na J ni jei, hizo nazo zinabadilishana. R ni aa, Y ni wai, H ni eich, na Z Waingereza wanaita zed, Wamarekani zii. Kaa na jina lako kamili ulitaje herufi kwa herufi mara ishirini mpaka litoke bila kusita.

Namba pia. "Thirteen" na "thirty", "fifteen" na "fifty", tofauti yake kubwa iko kwenye mkazo, ya kumi na kitu unavuta mwishoni, thatiin, na ya makumi unaikazia mwanzo, thati. Ukiwa na wasiwasi uliza "One three or three zero?" hakuna atakayekushangaa.

Na saa! Hii iliniharibia siku nzima. Nilimwambia mtu "See you at three o'clock" nikimaanisha saa tatu asubuhi, nimekaa namsubiri, yeye amekuja saa tisa mchana na hakuwa na kosa lolote, mi ndo nilimwambia hivyo. Saa yetu inaanza kuhesabu jua linapochomoza, yao inaanza usiku wa manane na mchana kati, tofauti ni masaa sita. Njia rahisi ni kuwazia saa ya mshale, namba unayotaka iko upande wa pili ikiangaliana na ile ya kiswahili: saa moja ni seven, saa mbili ni eight, saa tatu ni nine, saa saba ni one. Alafu ongeza "in the morning", "in the afternoon" au "in the evening" ili isilete utata. Na robo ni "quarter past", na nusu ni "half past", kasorobo ni "quarter to", kwa hiyo saa tatu kasorobo asubuhi ni "quarter to nine in the morning".

Ulimi

Sitakuambia uongee kama mzungu, lafudhi yako ni yako na haina tatizo. Ila kuna vitu viwili vitatu vinavyofanya usieleweke. Maneno yetu yanaishia na irabu kwa hiyo ulimi unatamani kuongeza kamoja mwishoni, "good" inakua gudi, "nine" inakua naini, nk. Jizoeze kufunga mdomo pale neno linapoishia. Alafu kuna i fupi ambayo kiswahili hakina, ndo maana "live" na "leave" zinatoka sawa, ya kwanza ni fupi na legevu, ya pili ivute. Kwenye "th" tuna bahati, ambayo lugha nyingi hazina, "thank you" ni th ile ile ya thamani na "this" ni dh ya dhahabu, kwa hiyo usiseme senk yu, uwezo unao tayari.

Mazoezi yafanye kwa sauti, kusoma kimya hakusaidii kuongea. Chukua mafungu kumi tu kwa wiki, yaandike na majibu yake, jirekodi kwenye simu ukiwa unauliza na kunyamaza sekunde tatu, alafu icheze na ujibu kwenye ule ukimya kama vile unaongea na mtu. Inaonekana kitu kidogo lakini nimeona watu waliokua hawafungui mdomo wakianza kujibu bila kufikiria ndani ya mwezi, kwa sababu kilichokua kinakosekana ni mwendo tu, maneno walikua nayo.

Kuaga

Usiondoke ghafla. Kabla ya "bye" kuna kasentensi ka kufungua mlango, "Well, I have to go now" au "Anyway, I should get going", alafu "It was nice talking to you". Ndipo "Bye", "Take care", "See you later". Hiyo "See you later" sio ahadi ya kuonana baadae leo, usikae ukamsubiri, ila "See you tomorrow" au "See you on Monday" ni ya kweli. Safari njema ni "Have a safe trip".

Mtu akikutakia "Have a nice day" au "Have a good weekend" marahaba yake ni "Thanks, you too", fupi na inafaa karibu kila mahali. Isipokua akikwambia "Happy birthday", hapo ni "Thank you" peke yake, labda kama na yeye kazaliwa siku hiyo hiyo.